KILA MWAKA MIWANI MIPYA: Kutoona mbali kunakozidi kwa vijana wetu

 

Siku za karibuni alikuja baba mmoja katika kituo ninachofanyia kazi hapa Amani, akiwa na binti yake wa miaka 15, mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Mkononi ameshika miwani iliyofungwa kwenye leso. Baada ya salamu akaniambia: "Daktari, hii ni ya tatu. Ya kwanza alianza kuvaa ana miaka 12, ikawa haimfai. Ya pili vivyo hivyo. Leo ananiambia hata kwa hii ubao hauoni. Mimi nimeamua nimvue kabisa, maana kila akivaa ndivyo macho yanavyozidi kuharibika. Nimekuja umwambie wewe, labda atakusikia." Binti alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamlengalenga. Mtihani wake ulikuwa umebaki miezi michache.

Maneno ya baba yule nimeyasikia mara nyingi, na kwa hakika hayasemi kwa ubaya. Anayasema mzazi mwenye huruma anayeona namba inapanda kila mwaka naye hajui mwisho wake uko wapi. Ndiyo maana nimeona leo tulizungumze jambo hili kwa kirefu: ni nini kinachotokea ndani ya jicho la kijana, je miwani ndiyo inayoharibu, na mzazi afanye nini.

NINI MAANA YA KUTOONA MBALI?

Jicho ni mfano wa chumba chenye dirisha mbele na ukuta nyuma. Mwanga unaingia kwa mbele, unapita kwenye kioo cha jicho (konea) na lenzi, unakusanywa na kuangukia kwenye utando wa nyuma unaoitwa retina. Retina ndiyo inayopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Waislamu tuna haki ya kukumbuka kuwa mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, ndiye aliyeeleza kwa hoja na majaribio kuwa tunaona kwa sababu mwanga unatoka kwenye vitu na kuingia jichoni, si jicho linalotoa miale. Miwani zote tunazovaa leo zimesimama juu ya msingi wa elimu hiyo.

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa kama milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma. Linakua pamoja na mwili mpaka kufikia kama milimita 24 kwa mtu mzima. Kwa baadhi ya watoto jicho halisimami pale linapotakiwa kusimama, bali linaendelea kurefuka. Ukuta wa nyuma ukisogea, mwanga unakusanyika kabla ya kuufikia, na picha ya vitu vya mbali inakuwa na ukungu. Vitu vya karibu vinaonekana vizuri. Hali hii ndiyo kutoona mbali, na wataalamu wanaiita maiopia.

Kipimo chake ni dayopta, ambacho sisi mitaani tunakiita "namba" na kinaandikwa kwa alama ya kutoa. Ukitaka kujua maana ya namba ya mwanao, chukua sentimita 100 ugawe kwa namba hiyo. Mwenye namba 1 anaona vizuri mpaka mita moja tu. Mwenye namba 2, nusu mita. Mwenye namba 4, sentimita 25, yaani kidogo tu kupita urefu wa kiganja. Kupita hapo kila kitu ni ukungu: ubao, uso wa mwalimu, gari inayokuja barabarani.

JE, MIWANI NDIYO INAYOHARIBU MACHO?

Hapana. Nilimpa baba yule mfano huu nami nakupa wewe. Unamnunulia mwanao kanzu ya Sikukuu, inamfika vizuri kwenye vifundo vya miguu. Sikukuu ya mwaka wa pili kanzu ileile imepanda mpaka kwenye ndama. Je, kanzu ndiyo iliyomrefusha mtoto? Utamvua kanzu ili asirefuke? Mtoto anakua kwa umri wake, na kanzu inatuonyesha tu kuwa amekua. Na miwani ni hivyohivyo. Jicho linarefuka kwa sababu zake, na miwani ya mwaka jana inabaki fupi.

Mwili wa kijana unakua haraka kati ya miaka 8 na 16, na jicho linafuata mkondo huo. Kwa walio wengi mwendo unapungua mwishoni mwa ujana na kusimama katika miaka ya mwanzo ya ishirini. Mtoto anayeanza mapema, mathalani na miaka 7 au 8, ana miaka mingi zaidi ya kuzidi mbele yake, na huyo ndiye wa kuangaliwa sana.

Wapo wanaosema basi apewe miwani yenye nguvu ndogo kuliko kipimo chake, ili jicho "lijizoeze". Jambo hili lilipimwa nchini Malaysia kwa watoto 94 katika muda wa miaka miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Waliopewa miwani pungufu ndio ambao namba zao zilipanda zaidi. Kwa hiyo kumvua mtoto miwani au kumpunguzia hakumkingi, ila kunamkosesha masomo.

TATIZO HILI LIKO KWETU AU NI LA WENGINE?

Ni kweli kuwa nchi za Asia ya Mashariki zimeelemewa kuliko sisi. Wataalamu waliokusanya tafiti za dunia na kuchapisha mwaka 2016 walikadiria kuwa kufikia mwaka 2050 nusu ya watu wote duniani watakuwa hawaoni mbali. Lakini hapa kwetu Tanzania nako tuna ushahidi wetu. Katika skuli za sekondari za jiji la Mwanza walipimwa wanafunzi 2,511, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Wanafunzi 154 walikuwa na kasoro ya macho inayohitaji miwani, na sababu kubwa ilikuwa hii hii ya kutoona mbali. Katika hao wenye kasoro, waliokuwa na miwani kabla ya kupimwa hawakufika theluthi moja.

Utafiti mwingine ulifanywa katika skuli za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008. Kundi moja la wanafunzi lilipewa miwani bure, na kundi jingine likapewa karatasi ya kipimo wakanunue wenyewe. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wakiitumia miwani au wanayo skulini walikuwa 47 katika kila 100 kwa waliopewa bure, na 26 katika kila 100 kwa waliopewa karatasi. Tuzingatie hapo, ndugu msomaji. Karatasi peke yake haimfikishi mtoto kwenye miwani, na hata ikija bure zaidi ya nusu hawaivai. Kwa ninavyoona mimi kituoni, zaidi ya fedha kuna aibu, kuna kutaniwa na wenzake, kuna bibi nyumbani anayesema "mtoto mdogo na miwani ya nini?", na kwa wasichana kuna hofu kuwa hawataposwa. Haya yote yanatoka kwetu sisi wakubwa, na sisi ndio wa kuyaondoa.

KWA NINI INAZIDI?

Sababu ya kwanza ni urithi. Mtoto ambaye baba au mama yake haoni mbali ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa hivyo, na wakiwa wote wawili uwezekano unazidi.

Sababu ya pili ni kuangalia karibu kwa muda mrefu bila mapumziko. Tuitazame siku ya kijana wetu wa mjini. Asubuhi skuli, mchana chuoni, jioni twisheni, usiku kazi za nyumbani, na katikati ya yote hayo simu, ambayo anaishika sentimita 20 tu kutoka usoni, tena amelala chali.

Sababu ya tatu, na hii wengi hawaijui, ni kukosa mwanga wa mchana. Mwanga wa ndani ya chumba mara nyingi haufiki luksi 500, wakati nje mchana kweupe unapita 10,000. Wataalamu wanaona kuwa mwanga huo mkubwa unaifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, ambayo inalizuia jicho lisirefuke kupita kiasi. Mwaka 2008 ulichapishwa ulinganisho wa watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina wanaoishi Sydney na wenzao wa Singapore. Wa Sydney walikuwa nje kwa kama saa 14 kwa wiki, na wasioona mbali walikuwa takriban 3 katika kila 100. Wa Singapore walikuwa nje kwa kama saa 3, nao walikuwa 29 katika kila 100. Asili yao ni moja, ila maisha ya mchana ni tofauti.

Huko Guangzhou, China, baadhi ya skuli ziliongezewa kipindi kimoja cha dakika 40 cha kuwa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa walioanza kutoona mbali walikuwa kama 30 katika kila 100, na katika skuli zilizobaki vilevile walikuwa kama 39. Taiwan nayo tangu mwaka 2010 inahimiza skuli zake ziwatoe watoto nje kwa dakika 120 kila siku.

Wasomaji wa Unguja watakumbuka umeme ulivyokatika kisiwa kizima kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na sisi tuliokuwa wanafunzi tukasoma kwa kandili na mishumaa. Wazee wakatuonya kuwa tutapofuka. Kusoma kwenye mwanga hafifu kunachosha macho na kuleta maumivu ya kichwa, wala sikupendekezei, lakini usiku mmoja wa kandili hauharibu jicho. Linalotudhuru zaidi ni kuifanya siku nzima kuwa ya ndani.

DALILI ZA KUANGALIA NYUMBANI

Mtoto mara nyingi hasemi kuwa haoni, kwa sababu anadhani watu wote wanaona kama yeye. Muangalie kama:

1. Anafinya macho akitazama mbali, au anainamisha kichwa upande.
2. Anasogea karibu na televisheni, au anauinamia msahafu mpaka pua inakaribia kugusa ukurasa.
3. Hajui daladala inakwenda wapi mpaka imesimama mbele yake.
4. Anawapita watu njiani bila kuwaamkia, akaitwa hana adabu.
5. Anakopi daftari la mwenzake badala ya ubao, na alama zake zinashuka.

Unaweza kumjaribu hivi. Msimamishe kwenye mwanga mzuri, hatua nane kubwa kutoka kwenye kalenda ya ukutani. Azibe jicho moja kwa kiganja bila kulibana, asome, kisha abadilishe. Mlinganishe na ndugu yake anayeona vizuri. Jicho moja likiwa chini ya jingine, au yote mawili yakishindwa, mpeleke akapimwe. Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali.

NAMNA YA KUKABILIANA NALO

Kwanza, kipimo sahihi. Misuli ya jicho la kijana ina nguvu na inaweza kujibana, kipimo kikatoka kikubwa kuliko ukweli. Kwa hiyo mtaalamu anaweza kumtia dawa ya matone ya kulegeza misuli hiyo kabla ya kumpima. Mboni zitapanuka, mwanga utamsumbua, na kusoma karibu kutakuwa kugumu, mara nyingi kwa muda wa siku moja. Usiogope, na usimpangie siku ya mtihani. Kwa walio mjini, kitengo cha macho cha Hospitali ya Mnazi Mmoja ndicho tunachowapeleka. Walio mbali waanze kituo cha afya kilicho karibu waandikiwe rufaa.

Usimnunulie kijana miwani ya barabarani. Zile zinazopangwa kwenye meza ni za kujumlisha, za wazee wasioona karibu. Kwa kijana asiyeona mbali zinazidisha ukungu badala ya kuuondoa.

Pili, avae miwani kamili ya kipimo chake, skulini, njiani na nyumbani. Apimwe kila mwaka, na anayezidi haraka kila miezi sita. Weka karatasi zote za vipimo kwenye bahasha moja. Namba ikipanda robo hadi nusu kwa mwaka, ni jambo la kawaida kwa umri huo. Ikipanda moja kamili au zaidi kwa mwaka, ni mwendo wa haraka na anahitaji daktari wa macho.

Tatu, atoke nje saa mbili kila siku. Si lazima ziwe mfululizo, wala si lazima akae juani. Kivuli cha mwembe nacho kina mwanga mwingi kuliko chumba chochote. Asilitazame jua lenyewe. Nikwambie ukweli pia kwamba ushahidi wa nje una nguvu zaidi katika kuzuia tatizo lisianze kuliko katika kulipunguza lililokwisha kuanza. Kwa hiyo mkubwa akiwa amevaa miwani, wadogo zake ndio watakaofaidika zaidi.

Msimamo wangu si kupunguza chuo. Mimi mwenyewe nimelelewa chuoni na nafahamu kheri yake. Ninachowaomba maustadhi ni mpango. Muraja'a ya sura zilizohifadhiwa haihitaji kutazama kitabu, basi watoto watolewe uani au chini ya mti wasome kwa moyo. Msahafu uwekwe juu ya marfaa, usiwekwe mapajani, ili mtoto akae wima na macho yawe mbali nao angalau sentimita 30. Wakaazi wa Amani, Kilimahewa, Sebleni na Jang'ombe nyumba zetu zimebanana, lakini viwanja tunavyo. Na wasichana nao watoke. Mara nyingi mvulana anakwenda kucheza mpira wa jioni na dada yake anabaki ndani. Mpe njia ya kutoka kwa stara: atembee kwenda skuli na wenzake, asomee barazani, aende na mama yake pwani.

Nne, mapumziko. Kila baada ya dakika 20 za kusoma au simu, anyanyue macho atazame kitu cha mbali, mita sita au zaidi, kwa muda mfupi. Hili linapunguza uchovu wa macho. Simu isiingie kitandani.

Tano, zipo tiba za kupunguza mwendo. Matone ya atropini yenye nguvu ndogo sana, yanayotiwa usiku, yamechunguzwa Singapore na Hong Kong na kuonekana kupunguza mwendo wa namba, na nguvu ya asilimia 0.05 ndiyo iliyofanya vizuri zaidi katika utafiti wa Hong Kong. Zipo pia lenzi za miwani za aina ya pekee ambazo huko Hong Kong zilipunguza mwendo kwa takriban nusu katika miaka miwili. Haya yanaamuliwa na daktari wa macho, ni ghali, na yanahitaji kufuatiliwa. Atropini ya kawaida iliyomo kwenye maduka ya dawa ina nguvu ya asilimia 1, mara 20 ya hiyo. Usijaribu kuizimua nyumbani.

Ama upasuaji wa miale ya leza, huo ni wa mtu aliyefika angalau miaka 18 na namba yake imetulia. Unaondoa haja ya miwani lakini haulifupishi jicho, na hatari za nyuma ya jicho zinabaki palepale.

KWA NINI TUJISUMBUE KUIZUIA?

Kwa sababu jicho lililorefuka sana ni kama puto lililopulizwa kupita kiasi: ngozi yake inakuwa nyembamba. Namba ikifika 6 na kuendelea, hatari ya retina kubanduka, ya presha ya macho, na ya kuharibika kitovu cha retina inakuwa kubwa zaidi utu uzimani. Wataalamu wamekadiria kuwa kuipunguza namba ya mwisho kwa moja tu kunapunguza hatari ya hayo maradhi ya kitovu cha retina kwa kama asilimia 40. Kwa hiyo kila nusu tunayoizuia leo ina thamani miaka 30 ijayo.

Mwenye miwani ya namba kubwa akiona ghafla vimulimuli kama radi, au vidoa vingi vyeusi vinavyoelea, au kivuli kama pazia linashuka upande mmoja wa jicho, hiyo ni dharura, hata kama haumwi. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Asisubiri kesho.

KUNA KUZIDI KUSIKO KWA KAWAIDA

Si kila namba inayopanda ni ukuaji wa kawaida. Kuna watoto wetu wengi wenye mzio wa macho: macho mekundu, yanawasha, yanatoa uzi mweupe, nao wanayasugua mchana na usiku. Kuyasugua kwa muda mrefu kunaweza kuambatana na kioo cha jicho kudhoofika na kuchongoka kama pia. Namba inapanda haraka, miwani haikai sawa, na hata kwa miwani mpya haoni vizuri. Huyu asicheleweshwe.

Katika kundi hilohilo kuna hatari nyingine kubwa. Mzazi ananunua matone yenye deksamethazoni dukani, macho yanatulia siku mbili, basi anaendelea nayo mwezi baada ya mwezi. Dawa za jamii hiyo zikitumika muda mrefu bila kuangaliwa zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na kijana akapoteza nuru isiyorudi. Usirudie dawa ya macho bila kupimwa.

Pia kijana ambaye macho yameingia ukungu katika wiki chache, huku anakunywa maji sana, anakojoa sana na kukonda, apimwe sukari haraka kabla ya kufikiriwa miwani.

USAFI WA MIWANI NA MACHO

Miwani ioshwe kila siku kwa maji safi na sabuni laini, ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba. Ukiifuta kavu kwa kanga au pindo la kanzu, vumbi linachora kioo. Anayevaa mtandio avae miwani kwanza na mikono yake ipite vizuri juu ya masikio, ili isipinde, maana miwani iliyopinda haiwi tena kwenye kipimo chake. Katika sala, kama inazuia paji la uso kugusa chini, aivue na aiweke kwenye kikasha, si juu ya mkeka. Miwani mingapi zimekanyagwa msikitini!

Lenzi za kuvaa ndani ya jicho si za mtoto asiyeweza kunawa mikono kwa sabuni kila mara. Haziwekwi kwenye maji ya bomba, halali nazo, haogelei nazo. Wakati wa kutawadha afumbe macho vizuri. Kuosha ndani ya jicho si wajibu katika udhu.

Usitie jichoni maziwa, asali, maji ya majani wala mate. Hakuna hata kimoja kinachofupisha jicho, na vyote vinaweza kuingiza vijidudu. Wanja nao hauzuii kutoona mbali, na baadhi ya wanja zinazouzwa zina madini ya risasi. Karoti na mboga za majani ni chakula kizuri chenye vitamini A, mpe, lakini hazishushi namba.

Ama matone katika Ramadhani, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wameeleza kuwa kutia kitu jichoni hakubatilishi funga. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, wala asiache dawa kwa dhana.

MWISHO WA KISA

Nilimuomba baba yule asimame kwenye mstari, nikamwambia asome ubao wa herufi ili aone kazi tunayompa binti yake. Akasoma herufi ile kubwa ya juu kabisa. Ya pili hakuiona. Akafinya macho, akasogea hatua moja, akasita. Nikawaandikia rufaa wote wawili.

Walirudi na karatasi zao kutoka Mnazi Mmoja. Binti alikuwa amevaa namba 2.25 na sasa anahitaji 3, na retina yake ni salama. Baba, ambaye hajawahi kuvaa miwani katika maisha yake, alihitaji 2.75. Akakaa kimya muda, kisha akaniambia: "Mimi niliacha skuli darasa la saba. Mwalimu alisema mzito, na mimi nikaamini." Binti alimtazama baba yake, hakusema kitu.

Sasa wanavaa wote wawili. Mdogo wa binti, mwenye miaka 9, amepimwa na bado anaona vizuri. Huyo tumekubaliana akitoka chuoni apite uwanjani kwanza kabla ya kuingia ndani.

Ndugu msomaji, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na tiba, na akatuhimiza tujitibu. Leo kabla ya Magharibi mwite mwanao, msimamishe hatua nane kutoka kwenye kalenda, umwambie asome. Kisha na wewe simama pale pale.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie macho yetu na ya watoto wetu, na ayajaalie yawe ya kuona kheri. Wabillahi tawfiq.